Alama ya Kijani kwenye Mlango wa Mama

Januari 6

Mwanangu Fundi,

Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto ambacho nimekigonga kwa nyundo yako mwenyewe. Nilikuwa nafunga ubao wa dirisha la jikoni kama ulivyonionyesha mwaka juzi, msumari ukakwepa, nikapiga nyama. Bi Kicheko alikuwa ameshika ubao upande wa pili. Badala ya kunipa pole, jirani yangu huyu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akashindwa kuinuka kwa sababu ya lile goti lake. Ikabidi mimi mwenye kidole kibovu nimvute mwenye goti bovu. Waliopita njiani walifikiri tunapigana mieleka.

Msimu umeingia. Ofisi ya mtaa wametangaza kwenye kipaza sauti kwamba vimbunga viwili vimeshazunguka huko baharini vikaondoka zao, na cha tatu huenda kisiwe na adabu hiyo. Basi nimejiandaa. Mapipa mawili ya maji ya kunywa nimeyajaza na kuyafunika, la tatu ni la kuoshea. Taa nimezitia mafuta. Vyeti vyenu vyote, pamoja na kile cha marehemu baba yenu, nimevitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nikautia kwenye sufuria, na kifuniko cha sufuria nikakifunga kwa kamba. Bi Kicheko ananiuliza vyeti vitaiva saa ngapi.

Sasa sikiliza jambo la kukufurahisha. Kamati ya maafa wamebandika orodha. Nyumba zote ulizozipaka alama nyekundu mwezi wa kumi, wenyewe watapanda shuleni upepo ukija. Zile ulizozipaka kijani zimepangiwa watu wa kuwapokea, na mimi nimepewa kumi na mmoja. Ndiyo, kumi na mmoja. Wote ni wale ambao kilima cha shule kinawashinda: kinyozi mzee na mkewe, mama wa fundi viatu asiyeona, na wengine unaowajua. Bi Kicheko ndiye wa kwanza. Mumewe, kwa kuwa ndiye mlinzi wa shule, lazima abaki kule juu na funguo zake, basi amesema mke wake akiwa kwangu yeye hana wasiwasi. Kila anayepita anaitazama ile alama pembeni ya mlango anasema, paa hili limewekwa na mtoto wa nyumba. Mimi najifanya sisikii, lakini nasikia vizuri sana.

Mnara wa simu bado umelala chini tangu msimu uliopita, kwa hiyo usihangaike kunipigia. Andika, boti inakuja Jumatano na Jumamosi kama kawaida. Na hilo paa la hospitali ulimalize vizuri, mgonjwa hana pa kukimbilia. Ule chakula. Karani wa boti ameniambia umekonda.

Mama yako


Januari 12

Mdogo wangu,

Nakuomba jambo moja, na usiniulize sababu. Mwite Mama aje kwako akae mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Mwambie unaumwa. Mwambie mtoto anamlilia bibi yake. Mwambie lolote litakalomfanya apande boti.

Mimi nimemwandikia kwamba upepo wa mwaka huu utakuwa mkali, tahadhari ikitolewa asikae nyumbani, aende shuleni. Najua hatanisikiliza. Wewe una namna yako ya kumlainisha.

Huku kazi ni nyingi. Wodi ya wanaume tumeimaliza, ya watoto bado imefunikwa turubai. Msalimie shemeji.

Kaka yako


Januari 16

Kaka,

Salamu baadaye. Kwanza nijibu: ni nani huyo mwanamke?

Usishtuke, mimi si mtoto. Mama atolewe nyumbani miezi miwili na zaidi, sababu isitajwe, na wewe ndiye mwenye funguo za pili. Mtu akitaka kumwingiza mke kwa mlango wa nyuma, si ndivyo anavyofanya? Nimemweleza mume wangu, akacheka akasema muacheni mwenzenu aoe. Sawa, oa, lakini mlete tumwone. Mama hana kinyongo na mkwe, ana kinyongo na kufichwa.

Hata hivyo nimemwandikia. Nimesema naumwa kiuno na dirisha la dawa pale zahanati linanichosha, nahitaji mtu wa kunisaidia na mtoto. Nimeongopa kwa ajili yako, ujue.

Ila kama kweli ni habari ya upepo, hapo ndipo sikuelewi. Nyumba ya Mama si ndiyo imara kuliko zote mtaani? Si wewe mwenyewe uliyeipaka kijani? Wakwe zangu hadi leo wanalisifu lile dari jeupe walilolikuta siku ya posa. Baba mkwe huwa anasema, nyumba yenye dari kama lile haina shaka juu yake. Sasa shaka unaitoa wapi wewe?

Nijibu haraka, na jina lake uliandike.

Mdogo wako


Januari 20

Mwanangu Fundi,

Nimepata barua mbili kwa boti moja, yako na ya mdogo wako, na zote zinataka nihame. Mmekula njama. Tena hamjui kuila. Mdogo wako anasema kiuno kimemlaza, halafu ukurasa wa pili anasema Jumamosi alicheza kwenye harusi ya mwenzake wa kazini mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Kiuno hicho nakitamani na mimi.

Wewe unasema upepo utakuwa mkali. Upepo gani umewahi kuwa mpole hapa? Nikienda shuleni, hawa kumi na mmoja waende na nani? Mama wa fundi viatu ameshaanza kuhesabu hatua kutoka kwake mpaka mlangoni kwangu, ili siku hiyo asimsumbue mtu. Amefika mara tatu. Kila akifika anagusa ukuta anasema, hapa.

Nitakwambia kitu ambacho sikutaka kukwambia. Yule fundi mwenzako, Msumari Mmoja, tangu kamati walipokuchagua wewe badala yake hana raha. Juzi kwenye bomba la maji alisema mbele ya watu kwamba wewe ulipita ukipaka rangi tu, kwamba kuna nyumba hukupanda darini kukagua. Niliweka ndoo chini. Nikamwambia, mwanangu akisema kijani ni kijani, na siku hiyo nitalala chini ya paa lake na watu kumi na mmoja, na wewe upite asubuhi uje kuniamkia. Bi Kicheko akamuuliza Msumari Mmoja kama ana nyumba moja, moja tu, ambayo yeye amewahi kuipaua na haivuji. Akaondoka bila kujaza maji.

Sasa nikifunga virago niende kwa mdogo wako, si nitakuwa nimemsadikisha yule? Siendi popote. Kama ni huruma unanionea, ahsante, lakini huruma hiyo ilete mwezi wa nne.

Bi Kicheko anashona mapazia ya vyumba vyote viwili, eti wageni wasilale kama wako stesheni. Amekaa hapa mlangoni ninapoandika, anasema nikuulize utaoa lini.

Mama yako


Januari 23

Mdogo wangu,

Hakuna mwanamke. Ningefurahi sana kama lingekuwa jambo la mwanamke.

Paa la Mama halijafungwa. Nakueleza kama ninavyomweleza mtu asiye fundi. Kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba mabati, zinakaa juu ya ukuta. Siku ya kawaida uzito wake unatosha kuzikalisha. Lakini kimbunga hakilisukumi paa, kinalivuta kwenda juu kama mtu anavyofunua sufuria. Ndiyo maana kila kenchi lazima ifungwe ukutani kwa kipande cha chuma na misumari minane. Nyumba ya Mama ina kenchi kumi na nne. Zilizofungwa ni tatu.

Siku zile vyuma vilikuwa vimeniishia, na boti ya kuleta vingine ikakwama wiki mbili. Wewe ukawa unaandika kila boti kwamba wageni wa posa wanakuja, wasiikute nyumba iko wazi juu. Sikulaumu, mimi ndiye fundi. Nikasema nipigilie dari kwanza, wageni wakiondoka nitafungua upande mmoja nimalizie. Wageni wakaondoka. Mama akalipaka dari rangi nyeupe kwa mkono wake na kuanza kuita watu waje kulitazama. Kila nilipokuja nyumbani nilitazama juu nikasema safari ijayo. Nimesema hivyo miaka mitano.

Mwezi wa kumi kamati wakanichagua kukagua. Kanuni yao ni moja: unapanda darini na tochi kila nyumba, unahesabu vyuma, ndipo unapaka. Nyumba zote nilipanda, naapa kwa kaburi la baba. Nilipofika kwa Mama, alikuwa amesimama mlangoni na Bi Kicheko na nusu ya mtaa nyuma yao. Nikaegemeza ngazi ukutani. Bi Kicheko akacheka, akauliza hata kwa mama yangu napanda, kwani aliyelijenga ni nani? Watu wote wakacheka. Mama alikuwa ananitazama, uso wote unang'aa. Na mimi nikacheka. Nikaiondoa ngazi, nikachovya brashi kwenye kijani.

Nilifikiri nitakuwepo msimu ukiingia, nitafunga usiku na mchana kabla ya upepo. Halafu nikaitiwa kazi hii ya hospitali, na sikusema hapana. Sikufikiria kabisa habari ya orodha. Sasa kuna watu kumi na mmoja wanaomtegemea Mama, na Mama ananitegemea mimi, na juzi amenipa habari kwamba amenitetea mbele ya mtaa mzima.

Hapa hospitali pana redio ya upepo. Nikiongea, inapokelewa ofisi ya mtaa kule nyumbani, na wao siku za msimu wameiunganisha na kipaza sauti. Nikisema humo, Mama atasikia akiwa bombani na ndoo yake kwamba mwanawe aliwadanganya watu. Na mimi nimekwisha, hakuna atakayenipa hata banda la kuku nilipaue. Nashika kile kisemeo, nakirudisha. Nimefanya hivyo mara mbili. Niambie nifanye nini.

Kaka yako


Januari 27

Kaka,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma nyuma ya kabati la dawa, foleni ikiwa mpaka nje, na nimempa mtu dawa ya kikohozi ya mwenzake, ikabidi nimkimbilie barabarani.

Nina hasira na wewe. Nina hasira na mimi pia. Nilikuwa nataka wakwe waone dari. Nilikuwa najiona mtu mkubwa, naandika barua za kuamrisha, na sikuuliza hata mara moja juu ya dari kuna nini.

Unaniuliza ufanye nini, na unajua. Nenda kwenye redio. Leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu. Waambie kamati nyumba ya Mama si kijani, watu wote wapelekwe shuleni, na useme kwa nini. Redio ya hapa imetangaza mchana kwamba kimbunga kimegeuka na kinakwenda nyumbani moja kwa moja.

Tafadhali, Kaka, usimwandikie Mama peke yake. Namjua na wewe unamjua. Ukimpa siri yako ataibeba, na hatujui ataibebaje. Sema kila mtu asikie. Mama atalia, atapona.

Mdogo wako


Januari 28

Mama,

Barua hii nampa karani wa boti mkononi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote. Isome ukiwa peke yako.

Paa lako sikulifunga. Kenchi kumi na nne, nilizozifunga ni tatu, kwa sababu vyuma viliisha, na nikaficha kwa dari. Ile siku ya kukagua sikupanda. Msumari Mmoja amesema kweli na wewe ulimsema kwa ajili yangu. Sina maneno ya kuomba radhi kwa hilo.

Usilale humo. Usimlaze mtu humo. Wote muende shuleni, kule juu ni zege. Lori la mchanga la mtaa likiombwa litawabeba wasioweza kutembea.

Nina ombi la pili, na najua sistahili. Usiwaambie sababu mpaka nije. Tafuta neno lolote. Sema unaumwa, sema umebadili mawazo. Nikija nitawaambia mwenyewe, nitasimama mbele yao. Ningekuja kwa boti hii hii, lakini msimamizi hajaniruhusu, wodi ya watoto bado iko wazi.

Nisamehe, Mama.

Mwanao


Februari 6

Mwanangu,

Mimi niko hai. Watu kumi kati ya wale kumi na mmoja wako hai.

Barua yako niliipata Jumatano ile jioni. Niliisoma nimekaa kitandani, kisha nikatazama dari. Habari ya vyuma iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba miaka mitano umekuwa ukija hapa, unakula chini ya dari lile, unanitazama nikiwaonyesha watu kazi yako, na chakula kinapita kooni. Nilikukasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu.

Alhamisi wakatangaza kimbunga kitafika kesho yake adhuhuri. Ijumaa asubuhi watu wangu wakaanza kuja na mikeka na vikapu. Uliniomba nisiseme, sikusema. Lakini niseme nini? Ningesema naumwa, wangeingia kuniuguza. Ningesema naogopa, wangenicheka, wangesema paa la mwanao hili, unaogopa nini. Basi nikatia kufuli, nikasimama nje nikasema nyumba yangu si kambi, nimechoka na watu, waende shuleni. Nilikuwa nimeshamwomba dereva wa lori la mchanga. Alikuja akawapakia. Walinitazama kama hawajawahi kuniona. Mke wa kinyozi alitema mate chini. Mama wa fundi viatu alikuwa ameshafika kwa hatua zake, ameshika ukuta wangu, na nikamtoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Bi Kicheko alikuja nyuma ya wote, mto kwapani. Alifikiri natania, akacheka. Nikamwambia sitanii.

"Hata mimi?" akaniuliza.

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeitoa tu nimpe aisome, mambo yangeisha pale. Nikamjibu, "Hata wewe."

Akageuka. Nikamwambia lori linarudi safari ya pili, tupande pamoja mimi na yeye. Akasema hapandi kitu kimoja na mtu aliyemfungia mlango, kwake ana kitanda chake. Nilijua ni hasira, nikasema itashuka. Lori liliporudi nikamgongea, hakufungua. Dereva naye akagonga, akampigia honi, hakujibu. Mabati ya kibanda cha kuuzia magazeti yakawa yameanza kuruka barabarani. Dereva akasema bibi, tukingoja tutakufa wote. Nikapanda.

Kwenye geti la shule mumewe alikuwa amesimama na funguo. Aliponiona peke yangu alishangaa, akaniuliza mke wake nimemwacha wapi. Nikamwambia mkewe yuko kwake. Alitupa funguo chini akaanza kukimbia kuteremka, na wanaume wanne wakamshika, kwa sababu mlingoti wa bendera ulikuwa umeshakatika na hewa yote ilikuwa mchanga. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na barua yako ilikuwa bado mfukoni.

Paa letu liliondoka lote. Limekutwa kwenye uwanja wa mpira, limelala kichwa chini. Tungekuwa humo sijui ni nani angetoka. Nyumba ya Bi Kicheko ukuta wa jikoni uliangukia ndani, na yeye alikuwa nyuma yake. Tumemzika Jumapili.

Tumekuwa majirani miaka thelathini na mbili. Alinishikia watoto wangu wote wawili nikiwa kazini, wewe ulitembea mara ya kwanza sebuleni kwake. Amekufa akijua kwamba simtaki. Naamka na hilo, nalala na hilo.

Watu wameanza kunong'ona nilijuaje paa litaondoka, wapo wanaoniita mchawi. Waache waseme, mimi ni mzee. Lakini mumewe anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye kibaraza, ananiuliza mke wake alinikosea nini. Haulizi kwa ukali. Anataka kujua tu, ili ajue. Mimi natazama chini, kwa sababu nilikushikia neno lako.

Sitalishika tena kwa muda mrefu. Jibu analolitaka ni lako. Njoo umpe kwa mdomo wako, na usinitumie barua nyingine.

Mama yako


Februari 13

Mdogo wangu,

Nimefika nyumbani Jumatano. Mama analala sebuleni chini ya turubai. Alinipokea mzigo, akanipa maji ya kuoga, akanipa chakula. Hakuniita Fundi.

Barua yako ya tarehe ishirini na saba niliipata siku moja baada ya boti kuondoka. Nataka ujue kwamba redio ilikuwa bado ipo, hatua thelathini kutoka nilipokuwa napigilia, na nilikuwa na siku nzima. Nilijiambia Mama ameshapata barua, inatosha. Na jingine: boti iliyobeba barua ile ilikuwa na nafasi, karani mwenyewe aliniuliza kama napanda. Msimamizi sikuwahi kumwomba ruhusa. Hata kwenye barua ya kumwambia Mama kweli, nilitia uongo.

Jana kamati waliita mkutano kwenye uwanja wa mpira. Nilisimama nikasema yote, tangu vyuma mpaka barua, na kwamba Mama aliwafukuza kwa kuwa mimi nilimwomba asiseme. Nilidhani watanizomea. Msumari Mmoja alikuwa mbele kabisa na hakunitazama. Mke wa kinyozi aliinuka kwa shida, akamfuata Mama alipokaa, akakaa naye. Wameamua nisikague tena, na nyumba zote nilizopaka zikaguliwe upya na Msumari Mmoja. Nimekubali. Nimempa tochi yangu.

Mume wa Bi Kicheko hakuja mkutanoni, nikamfuata kwake. Alikuwa jikoni, anatoa matofali ya ule ukuta na kuyapanga, mazima upande huu, yaliyovunjika upande ule. Nikamweleza nimesimama. Hakuacha kazi yake, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Ningependa angenipiga.

Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo mama yako alikuwa anamtaka."

Nikasema ndiyo, alikuwa anamtaka.

"Mimi hilo nalijua tangu zamani," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu aniambie limetoka wapi lile neno. Asiyejua ni yeye. Nenda ukamwambie."

Nikamjibu nitakwenda. Akasema niende sasa hivi, yeye ananingoja pale pale.

Nikaenda, mdogo wangu. Udongo wa kaburi lake bado haujashikana. Nilisimama pale muda mrefu, nikafungua mdomo, na nilichoweza kutoa ni jina lake tu. Niliporudi aliniuliza kama nimemwambia. Nikasema bado. Akanionyesha njia kwa mkono, akainama kuchukua tofali lingine.

Kaka yako